Sura ya Pochi ni ya Nani?

Mwishoni mwa Desemba 2024, kwenye tovuti ya Walmart, duka ambalo Wamarekani hununua sabuni, matairi na maziwa, ilionekana pochi iliyokuwa na kila kitu cha Birkin, mkoba maarufu wa kampuni ya kifahari ya Ufaransa iitwayo Hermès, isipokuwa jina. Mfuniko uliochongwa mbele, mikanda miwili inayotokea ubavuni na kukutana katikati, kifungo cha kuzungusha, kikufuli kinachoning'inia, mikono miwili ya mviringo. Wauzaji waliokuwa wakitumia tovuti hiyo waliiuza kati ya dola 78 na 102, kulingana na saizi. Birkin yenyewe haipatikani dukani chini ya dola 10,000, na hata ukiwa nazo mkononi huwezi kuingia tu na kutoka nayo. Lazima muuzaji akufahamu na aamue kukuuzia. Watu wa TikTok wakaibatiza ile ya Walmart jina la Wirkin, ikagombaniwa mpaka ikaisha. Februari iliyofuata Axel Dumas, mkuu wa Hermès na mtoto wa ukoo wenye kampuni, aliulizwa kuhusu jambo hilo na hakuficha: kuiga namna ile, alisema, ni jambo la kuchukiza.

Mimi ni fundi wa ngozi, nashona mikoba kwa mkono hapa Dar es Salaam, na habari hiyo niliifuatilia kuliko nilivyofuatilia uchaguzi wao. Sababu ni kwamba swali lake naliishi. Haipiti wiki mteja hajanitumia picha WhatsApp: "Fundi, naomba kama hii." Picha huwa ya mkoba wa majina makubwa ya Ulaya: Birkin, au Kelly, au Lady Dior, au ile ya Bottega Veneta iliyosukwa. Mteja hataki kumdanganya mtu. Ameipenda sura tu. Je, nikiishona nimeiba? Nimesoma sana kutafuta jibu, na nilichokipata ni tofauti na nilivyodhani, tena tofauti na wanavyodhani wengi wanaopiga kelele mtandaoni kwa upande wowote.

Kwanza nizungumzie kitu ambacho Wirkin haikuiga, kwa sababu ndicho ninachokijua kwa vidole. Birkin hushonwa kwa sindano mbili. Unachukua uzi mmoja wa kitani uliopakwa nta ya nyuki, unatia sindano kila ncha. Unatoboa ngozi kwa msharasi, ukiulaza kidogo ili tundu liwe la mshazari. Sindano ya kulia inapita, kisha ya kushoto inapita katika tundu lilelile ikitokea upande wa pili, unavuta zote mbili kwa nguvu sawa, unaenda tundu linalofuata. Uzi ukikatika mahali pamoja baada ya miaka kumi, ule wa upande wa pili bado umeshika na mshono haufumuki. Cherehani haifanyi hivyo. Ina uzi wa juu na uzi wa chini unaonasana katikati ya ngozi. Kata mmoja, vuta, na mshono unaanza kuachia. Hermès humpa fundi mmoja mkoba mmoja, aushone tangu mwanzo hadi mwisho, na kazi hiyo huchukua saa nyingi. Kwa dola 80, hata kabla ya kulipia meli na faida ya muuzaji, hakuna atakayekupa saa hizo.

Sheria hailindi mshono huo. Mtu yeyote anaweza kujifunza, nami nilijifunza. Kinachogombaniwa ni sura.

Hapa watu wengi huchanganya mambo mawili. Kuna feki, na kuna mfanano. Feki ni mkoba uliopigwa chapa ya "Hermès Paris" chini ya mfuniko na mtu asiye Hermès. Soko la ngozi la Baiyun kule Guangzhou linajulikana dunia nzima kwa biashara hiyo, na wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaokwenda China wanalifahamu. Feki ni uongo, na sheria za karibu kila nchi zinaukamata: Kenya ina sheria yake ya kupambana na bidhaa bandia ya mwaka 2008 na mamlaka kamili ya kuisimamia, na Tanzania kazi hiyo inafanywa na Tume ya Ushindani, FCC, kwa Sheria ya Alama za Bidhaa. Mimi sipigi chapa ya mtu. Mteja akiniomba nimwekee jina la Kifaransa, namrudishia picha yake. Hilo halina mjadala kwangu.

Wirkin haikuwa na jina la Hermès popote. Kwa hiyo anayetaka kuishtaki pochi ya aina hiyo nchini Marekani lazima atafute mlango mwingine, na milango yenyewe ni mitatu.

Hakimiliki ni mlango mwembamba. Kwa Wamarekani, mkoba ni kifaa cha kutumia, na kifaa hakipati hakimiliki kwa umbo lake. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi ya Star Athletica iliyohusu sare za mabinti wanaoshangilia uwanjani, ilisema kwamba pambo linaloweza kutenganishwa na kifaa kimawazo, mistari na zigizaga za sare zile kwa mfano, laweza kulindwa. Mkato wa nguo wenyewe haulindwi. Ukichora twiga kwenye pochi, twiga wako analindwa. Pochi hapana.

Mlango wa pili ni hataza ya dizaini. Huu ndio uliotengenezwa kwa kazi hii hasa. Unawasilisha michoro ya umbo jipya, wakikukubalia unapata miaka 15, na katika miaka hiyo hakuna anayeruhusiwa kuuza kitu ambacho mnunuzi wa kawaida akikitazama ataona ni kilekile. Lakini Birkin ilizaliwa mwaka 1984. Hataza yoyote ya umbo lile, hata kama ingekuwepo, ingekuwa imekwisha zamani.

Unabaki mlango wa tatu, alama ya biashara, na hapo pana historia inayomhusu Walmart mwenyewe. Miaka ya tisini Walmart lilimpa mtengenezaji picha za nguo za watoto za kampuni ndogo iitwayo Samara Brothers, nguo za mistari zilizobandikwa mioyo, maua na matunda, na kumtaka ashone zinazofanana. Alishona, zikauzwa kwa bei ya chini, Samara wakashtaki. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2000 majaji wote kwa pamoja wakaamua hoja moja iliyokuwa mbele yao: umbo la bidhaa, hata liwe la ajabu kiasi gani, halihesabiwi kuwa alama ya biashara tangu siku ya kwanza. Jaji Scalia alitoa mfano wa chombo cha kuchanganyia vinywaji kilichotengenezwa kwa umbo la ngwini. Mtu akikinunua, anakinunua kwa sababu kinapendeza au kinafaa. Umbo halimwambii ni kiwanda gani kimekitengeneza. Ili umbo liwe alama, mwenyewe lazima athibitishe kwamba kwa miaka mingi ya mauzo na matangazo, wanunuzi wamefikia mahali pa kuliona umbo hilo na kusema moja kwa moja, hii ni ya fulani.

Fikiria maana yake. Samara walikuwa wadogo na nguo zao zilikuwa mpya, kwa hiyo hoja yao ilidondoka. Hermès ni wakubwa na mkoba wao una umri wa miaka zaidi ya 40, kwa hiyo wao mlango wanaupita. Mwaka 2011 walisajili Marekani umbo lenyewe la Birkin kuwa alama ya biashara: mfuniko, mikanda, kifungo, kufuli. Na alama ya biashara haina kikomo. Unailipia kila baada ya miaka kumi, na vitukuu wako wataendelea kuilipia.

Hapo ndipo ninapopingana na sheria hiyo, na nitasema wazi. Dizaini inalindwa kwa muda kwa sababu ni makubaliano kati ya msanifu na umma: tupe kitu kipya, tutakupa miaka yako uvune peke yako, kisha sote tukitumie. Kumruhusu tajiri kuhamisha umbo lilelile kutoka kwenye kapu la miaka 15 kwenda kwenye kapu lisilo na mwisho ni kuvunja makubaliano hayo kwa niaba ya yule ambaye alikwishavuna. Wenye hoja ya upande wa pili husema mtu wa barabarani akiiona Wirkin begani atadhani ni Birkin, hata kama aliyeinunua alijua anachonunua, na kwa hiyo jina la Hermès linachujuka. Mahakama za Marekani zinaikubali hoja hiyo mara nyingi. Korea Kusini nako, mwaka 2020, Mahakama ya Juu yao iliwapa Hermès haki dhidi ya kampuni iliyotengeneza mikoba ya umbo la Birkin na Kelly yenye macho makubwa mbele, kwa kutumia sheria ya ushindani usio wa haki. Mimi naona kosa la kumdanganya mnunuzi ni kosa kweli. Lakini kuwazuia watazamaji wa barabarani wasikosee kuhusu utajiri wa mtu si kazi ya mahakama.

Na Birkin yenyewe haikushuka kutoka mbinguni. Hadithi inasimuliwa kila mara: Jane Birkin, mwigizaji na mwimbaji, amekaa ndani ya ndege ya Paris kwenda London karibu na Jean-Louis Dumas, mkuu wa Hermès wa wakati huo. Kikapu chake cha kusukwa, alichokuwa akitembea nacho kila mahali, kinamwaga vitu vyake vyote. Analalamika kwamba hapati mkoba mzuri wa mama mwenye mtoto mchanga. Wanachora pamoja kwenye ule mfuko wa karatasi wa kutapikia. Mkoba uliotokea mwaka 1984 ulikuwa ndugu wa karibu wa mkoba mwingine wa Hermès, Haut à Courroies, uliotengenezwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya kubebea tandiko la farasi na buti. Julai 2025 ile ya kwanza kabisa, ya Jane mwenyewe, iliuzwa kwa mnada wa Sotheby's Paris kwa euro milioni 8.6. Katika hadithi hiyo sijawahi kusikia jina la aliyesuka kikapu.

Sheria ya Ulaya naiona inamfaa zaidi mtu kama mimi. Wao wana dizaini ya kusajiliwa, inayodumu miaka mitano mitano hadi 25, na tena wana dizaini isiyosajiliwa: ukiitoa hadharani ndani ya Umoja wa Ulaya, bila fomu wala ada, una miaka mitatu ya kumzuia anayekukopi. Miaka mitatu ndiyo umri wa fasheni nyingi. Mwaka 2014, katika kesi ya kampuni ya mavazi ya Karen Millen dhidi ya maduka ya Dunnes Stores ya Ireland, maduka hayo yalikiri kabisa kwamba yalinunua shati na fulana za Karen Millen na kuagiza zinazofanana. Utetezi wao ulikuwa kwamba nguo zile zenyewe zilichanganya vitu vilivyokuwepo zamani, kola ya huku na mstari wa kule. Mahakama ya Umoja wa Ulaya ikakataa: huwezi kuokota vipande kutoka nguo kumi tofauti ili kuthibitisha kwamba nguo moja si mpya. Lazima uilinganishe na nguo moja moja. Msanifu yeyote anajua kwamba hakuna anayeanza na hewa tupu, na niliposoma hukumu ile niliona kwamba mara hii majaji wanaielewa kazi.

Nina sababu ya kuililia sheria hiyo. Niliwahi kuhangaika na mkoba wa mfuniko mmoja mrefu unaokunjwa mara mbili na kujifunga bila bizimu wala zipu, ngozi inashikwa na mpasuo wake yenyewe. Nilikata karatasi za kielelezo nyingi mpaka pembe ya mpasuo ikakaa, maana ukizidisha kidogo ngozi inachanika, ukipunguza mfuniko unafunguka ukikimbilia daladala. Nikauweka Instagram, ukapendwa. Mwaka haukuisha nikaukuta Kariakoo umetundikwa kwa rangi sita, ngozi bandia kutoka kiwandani China, mpasuo umewekwa sumaku kwa sababu plastiki haiwezi kujishika. Bei yake haikufika hata gharama ya ngozi yangu. Muuzaji hakuwa na kosa, aliagiza kilichokuwa kwenye katalogi. Aliyeipeleka picha yangu kiwandani simjui mpaka leo. Siku ile nilimwelewa Axel Dumas alipotumia neno la kuchukiza, pamoja na kwamba mkoba wake una miaka 40 na wangu ulikuwa haujafikisha mmoja.

Lakini sheria nzuri nayo ina meno pande zote mbili. Rob Law, Mwingereza, alibuni Trunki, kibegi cha magurudumu cha watoto chenye pembe mbili ambacho mtoto anakikalia na kuvutwa uwanja wa ndege. Kampuni nyingine ikatoa Kiddee Case, wazo lilelile kwa bei nafuu. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilimnyima haki. Jaji Neuberger alisema wazi kwamba wazo la Trunki lilikuwa la akili na anamwonea huruma, ila dizaini iliyosajiliwa hulinda sura iliyosajiliwa, hailindi wazo. Na sura aliyoisajili ilikuwa picha za kompyuta za rangi ya kijivu zenye vivuli, zikionyesha umbo la mnyama mwenye pembe, lisilo na mapambo, magurudumu na mikanda ikiwa ya rangi nyeusi zaidi. Kiddee Case moja ilikuwa na milia kama ya chui-milia (tiger), nyingine madoa na vipapasio vya mdudu. Majaji wakaona picha kwa jumla ni tofauti. Wanasheria wengi wanaamini kwamba angewasilisha michoro ya mistari mitupu, bila rangi wala kivuli, angekuwa amedai umbo tu na angekuwa na nafasi kubwa zaidi.

Kesi ya pili ni ya Puma na Rihanna. Desemba 2014 Rihanna aliposaini na Puma, picha zake amevaa viatu vyeupe vyenye soli nene nyeusi ziliwekwa Instagram. Puma wakawasilisha ombi la kusajili dizaini ya kiatu cha aina hiyo Ulaya Julai 2016. Kule unaruhusiwa kuonyesha kitu hadharani miezi 12 kabla ya kusajili, si zaidi. Machi 2024 mahakama ya Umoja wa Ulaya ikathibitisha kufutwa kwa usajili huo, kwa sababu picha zile, ambazo mtu angeweza kuzikuza na kuona kiatu vizuri, zilikuwa zimetoka zaidi ya mwaka mmoja kabla. Kampuni yenye majeshi ya mawakili ilipoteza dizaini kwa posti za Instagram. Sisi mafundi tunaishi Instagram.

Sasa kuhusu upande ambao haujadiliwi sana kila zogo la aina hii linapozuka. Mwaka 2007 Louis Vuitton walitoa mikoba yenye miraba ileile ya yale mabegi ya plastiki tunayoyaita shangazi kaja, na ambayo Nigeria huitwa kwa jina la kuwafukuza Waghana. Mwaka 2017 Balenciaga walitoa mkoba wa ngozi ya buluu wa dola 2,145 uliofanana na mfuko wa senti 99 wa IKEA, duka la samani la Sweden. Mkusanyiko wa nguo za kiume wa Louis Vuitton wa majira ya joto ya 2012 ulijaa miraba ya shuka za Kimasai. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "Kikoy" kuwa alama yake ya biashara, mpaka Wakenya na marafiki zao wakapinga na ombi likaachwa. Kwa mambo haya sheria ya dizaini haina jibu, kwa sababu inataka kitu kiwe kipya na kiwe na mwenyewe mmoja. Shuka si mpya na wenyewe ni jamii nzima. Ndiyo maana Kenya ilitunga sheria nyingine ya kulinda maarifa ya jadi mwaka 2016, na ndiyo maana nchi za Afrika zilikaza shingo katika mkutano wa Riyadh, Novemba 2024, mkataba wa kimataifa wa dizaini ulipopitishwa. Zilitaka nchi iruhusiwe kumuuliza mwombaji kama dizaini yake imetoka kwenye utamaduni wa watu fulani. Kifungu hicho kimebaki ndani ya mkataba. Kimebaki pia kile cha miezi 12 ya kuonyesha kazi kabla ya kusajili. Mkataba utaanza kazi nchi 15 zikijiunga, na ningependa kuziona zetu mwanzoni mwa orodha.

Kwa sasa fundi wa Kenya anaweza kusajili dizaini kwa miaka mitano, akaihuisha mara mbili hadi 15. Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania zimo katika Itifaki ya Harare ya ARIPO, shirika la nchi za Afrika la miliki bunifu, ambayo kwa ombi moja dizaini yako inaweza kulindwa katika nchi kadhaa kwa pamoja. Mafundi wachache sana ninaowafahamu wamewahi kuisikia.

Kwa hiyo mteja akinitumia picha ya Birkin, namshonea mkoba wa mikono miwili na mfuniko, kwa sindano mbili, bila kufuli lile na bila mikanda ile, kwa sababu sura ya mbele imesajiliwa na kesi siiwezi, na kwa sababu akitoka kwangu nataka aulizwe fundi wake ni nani. Akinitumia picha ya mkoba uliotoka mwaka huu kwa fundi wa Arusha au Nairobi, namtumia namba ya fundi huyo. Na wewe unayeshona, kabla hujaposti: chora umbo lako kwa mistari mitupu, pande zote, bila rangi wala kivuli, andika tarehe, na uulize ada ya kusajili wakati mkoba bado uko mezani.